HELIKOPTA AMBAYO SIKUINUNUA

(Hotuba iliyosomwa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wa mwaka wa Chama chetu, ukumbi wa shule)



Katibu wa Chama aliponiandikia aliniomba nizungumze juu ya mchango wa mtumishi wa umma katika maendeleo ya taifa. Hotuba ya namna hiyo ninayo. Imo ndani ya mkoba wangu, ina kurasa kumi na mbili, nami nimekwisha kuisoma mahali pengi bila ya kumdhuru mtu yeyote. Lakini leo mchana, tulipokuwa katika foleni ya chakula, kijana mmoja wa kidato cha tatu alinijia akaniambia, “Shikamoo mzee. Ni kweli kwamba wewe uliwahi kununua helikopta?” Nikamwitikia marahaba, kisha nikamwambia kwamba sikuinunua, nilikaribia tu. Akaniangalia kwa huruma, kama mtu anavyomwangalia mchezaji aliyekosa penalti. Basi, kwa idhini yako Ndugu Mwenyekiti, ile hotuba nyingine ibaki mkobani, nami nimjibu kijana yule mbele yenu wote.

Mimi si mhandisi. Walionijua darasani watakumbuka jinsi fizikia ilivyonitoa jasho mpaka nikaikimbia. Chuo Kikuu nilisomea biashara, na tangu nilipoajiriwa nimekuwa mtu wa ugavi, yaani mtu wa zabuni, hati za madai na stoo. Mwaka 2012 idara niliyokuwamo, ambayo sitaitaja kwa kuwa wenzangu wengine wangali pale na tungali tunasalimiana, ilipata fungu la fedha kwa ajili ya helikopta moja ya kubebea wagonjwa na kuokoa watu wakati wa mafuriko. Sharti lilikuwa iwe ya injini mbili, na injini zenyewe ziwe za turbini. Bei ya helikopta mpya ya daraja hilo ilikuwa dola milioni kadhaa, na fungu letu halikufika hata robo yake. Kwa hiyo ikaamuliwa tutafute iliyotumika. Nisiseme mtumba, maana Mwenyekiti wa kamati yetu alilichukia sana neno hilo, ingawa ndilo lililokuwa neno lenyewe.

Kwanza niwaeleze vijana maana ya turbini. Helikopta ndogo za bei nafuu hutumia injini ya pistoni, ndugu yake injini ya gari. Helikopta za kazi hutumia turbini. Hewa huvutwa ndani, hubanwa sana, huchanganywa na mafuta yanayowaka, na gesi ile ya moto inapokimbilia nje husukuma magurudumu ya chuma ambayo, kwa kupitia giaboksi, ndiyo yanayozungusha mapanga ya juu. Mafuta yake ni mafuta ya ndege, ambayo ni ndugu wa damu wa mafuta ya taa. Injini tuliyokuwa tukiifikiria sisi, Allison 250-C20B ya Marekani, ina uzito wa kilo 72 hivi, yaani haifikii mifuko miwili ya saruji, nayo hutoa nguvu za farasi 420. Mhimili wake wa kubana hewa huzunguka zaidi ya mara 50,000 kwa dakika. Mwalimu wangu wa fizikia angependa niseme tena: kwa dakika, si kwa saa.

Na kwa nini ziwe mbili? Jibu la haraka ni kwamba moja ikizimika, nyingine iendelee. Jibu hilo ni kweli nusu, na ile nusu nyingine rubani wetu alitufundisha kwa subira kubwa. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa joto la nyuzi 31, hewa yake huwa nyepesi kama hewa ya kawaida ya mahali palipo karibu mita 2,000. Mapanga hupata hewa kidogo ya kushika, na injini nayo hupata hewa kidogo ya kuvuta. Ukipakia helikopta ndogo mzigo wake wote katika hali hiyo, injini moja ikafa, ile iliyobaki haiwezi kukufikisha uendako. Itakupa nafasi ya kuchagua shamba la kutua, basi. Katika kitabu cha rubani mna majedwali ya mambo hayo, uzito upande huu na joto upande ule, na mnunuzi asiyeyasoma kwa joto la kwao na miinuko ya kwao atakuwa amenunua injini ya pili kwa ajili ya nchi ya watu wengine.

Kamati yetu ilipitia aina nne au tano. Bell 212, yenye mitambo miwili ya Pratt & Whitney Canada iliyofungwa ubavu kwa ubavu, hubeba abiria 14 na ni mashine ya kuaminika, lakini ina kiu ya ng’ombe wa kiangazi. Mi-17 ya Urusi, yenye uzito wa tani 13 ikijazwa, tuliwaachia wenye majeshi. Twin Squirrel ya Ufaransa tuliipenda, ila zile zilizokuwa sokoni wakati ule zilikuwa ama ghali ama zimechoka. Mwisho tukaangukia Bo 105 ya Ujerumani.

Bo 105 iliruka kwa mara ya kwanza mwaka 1967, na uundaji wake ulikoma mwaka 2001. Ni ndogo, ina viti vitano pamoja na cha rubani, na uzito wake wa juu kabisa ni kama tani mbili na nusu. Kichwa kinachoshika mapanga yake ni cha titani, na hakina bawaba kama helikopta nyingi za zamani; mapanga yenyewe, ya faiba, ndiyo yanayopinda na kunyooka hewani. Mwaka 1970 Wajerumani waliweka moja mjini Munich kwa ajili ya kukimbilia majeruhi, wakaiita Christoph 1, na tangu hapo aina hii ikawa mashuhuri kwa kazi hiyo. Nyuma yake, chini ya mkia, ina milango miwili inayofunguka kama kabati la nguo, machela ikaingia moja kwa moja. Sisi tuliokuwa tukimfikiria mama mjamzito aliyekwama ng’ambo ya mto, milango ile ilitushawishi kuliko takwimu zote.

Sasa nifikie mahali ambapo watu wengi hukosea, nami nilikuwa nimekwisha kukosea kabla ya kusahihishwa. Nilidhani helikopta kuukuu hununuliwa kama gari kuukuu: unaizunguka, unaipiga teke tairi, unasikiliza injini, mnapatana. Hivyo ndivyo Chama chetu kilivyonunua lile jenereta lililoko nyuma ya jiko, ambalo nimepita kulitazama asubuhi hii na kukuta kuku amelalia mayai ndani yake. Lilikuwa linanguruma vizuri sana siku tuliyolinunua.

Helikopta haiko hivyo. Karibu kila kipuri chake cha maana kina kadi yake, na katika kadi hiyo mmeandikwa kilizaliwa lini, kimefanya kazi saa ngapi, na kimebakiza saa ngapi kabla ya kufumuliwa au kutupwa. Kutupwa, si kutengenezwa. Kiko kipuri kinachong’aa kama kipya, ambacho fundi yeyote wa barabarani angekipokea kwa mikono miwili, lakini saa zake zikitimia hukatwa ili mtu asije akakiuza. Vingine haviangalii saa ila miaka, hata kama vimekaa kabatini. Vingine huhesabiwa kwa safari, kuruka na kutua. Na yale magurudumu ya turbini huhesabiwa pia kwa idadi ya kuwashwa, maana kila unapowasha injini chuma hupanda kutoka baridi hadi moto mkali katika muda mfupi sana, na chuma kama binadamu huchoka zaidi kwa kupandishwa na kushushwa kuliko kwa kazi ya mfululizo.

Kwa hiyo unaponunua helikopta iliyotumika unanunua saa zilizobaki. Mashine mbili za mwaka mmoja, rangi moja, zinaweza kupishana bei mara mbili, na ile ya bei rahisi ndiyo ghali, kwa kuwa miezi sita baadaye giaboksi yake inadai kufumuliwa na injini zake mbili zinadai kufumuliwa, nawe hapo huna tena fedha. Na saa zilizobaki hazionekani kwa macho. Zimo katika karatasi peke yake. Kadi ikipotea, kipuri kinahesabiwa kama kilichokwisha.

Tulisafiri mwezi wa Februari mwaka ule, watu wanne: Mwenyekiti wa kamati, rubani, mhandisi wetu ambaye alikuwa amebakiza miaka miwili kustaafu na sote tulimwita Mzee, pamoja na mimi katibu. Banda lenyewe lilikuwa katika mji mdogo kusini mwa Ujerumani, theluji imefika kwenye magoti, nami nimevaa koti la kuazima lililonifika kwenye viganja vya miguu. Helikopta ilikuwa ya mwaka 1987, imepakwa rangi nyeupe mpya. Rubani alipoketi kwenye kiti chake alitabasamu, na Mwenyekiti alipoona tabasamu lile nadhani moyoni alikwisha kuinunua.

Mzee hakutabasamu. Kwa siku mbili alitambaa chini ya mashine ile na tochi mdomoni. Alitoa kizibo chenye sumaku kinachokaa ndani ya oili ya giaboksi, akakifuta kwa kitambaa cheupe na kukiangalia juani, kwa kuwa beringi zikianza kuliwa, vumbi la chuma hunaswa pale kabla ya sauti yoyote kusikika. Alichungulia ndani ya turbini kwa kamera nyembamba kama mpira wa baiskeli. Aliinua mbao za sakafu akitafuta kutu, kwa sababu tulijua mashine ile iliwahi kufanya kazi baharini. Alihesabu ribiti. Rubani naye alipanda na rubani wa muuzaji, wakaruka nusu saa, wakapima nguvu ya kila injini peke yake. Kila kitu kilikuwa katika hali njema. Jioni ya siku ya pili Mzee alinawa mikono, akaniambia, “Chuma ni safi, mwanangu. Sasa ingia kwenye makaratasi. Hiyo ni kazi yako.”

Makaratasi yalikuwa masanduku manane. Kijerumani sikijui, lakini tarakimu ni tarakimu, na fundi mmoja wa pale, mtu mzima mpole, alinieleza kila safu ilikuwa ya nini: tarehe, saa za kuruka, idadi ya kutua, idadi ya kuwashwa kwa injini. Nilianza mwaka 1987 nikateremka ukurasa hata ukurasa, kama nilivyozoea kukagua leja. Nilipofika katikati ya mwaka 2005, mashine ilipokodishwa nchi nyingine kwa kazi ya kupeleka wafanyakazi kwenye visima vya mafuta baharini, safu ya kutua ikawa tupu. Saa zilikuwapo. Kutua hakukuwapo. Safu ya kuwashwa nayo tupu. Hivyo hivyo mpaka katikati ya mwaka 2008. Miaka mitatu, saa 900.

Huenda mtasema safu mbili tupu katika masanduku manane ni jambo dogo. Naomba mnivumilie. Kila panga la Bo 105 limeshikwa kwenye kichwa kwa mkanda wa chuma uliofichika ndani, ambao huzuia panga lisichomoke na wakati huo huo huliruhusu kujigeuza kidogo. Mapanga yale huzunguka mara 424 kwa dakika, kama mara saba kila sekunde, na mkanda hubeba mvuto wa tani nyingi. Mwaka 2001 helikopta ya aina ya BK 117, ambayo ni dada mkubwa wa Bo 105 na ina mikanda ya namna hiyo, ilipata ajali: mkanda ulikatika kwa uchovu wa chuma, panga likachomoka. Baada ya hapo mamlaka za usafiri wa anga ziliagiza kwamba kila mkanda, katika BK 117 na katika Bo 105, uwe na kadi yake, na kwamba zihesabiwe siyo saa peke yake, bali umri wake na idadi ya safari.

Sasa vijana, shikeni kalamu. Saa 900. Ikiwa helikopta ilitua mara mbili kwa kila saa, ni safari 1,800. Lakini mashine inayoruka kutoka kisima hadi kisima baharini, mwendo wa dakika chache, inaweza kutua mara nane kwa saa. Hapo ni safari 7,200. Tofauti ni 5,400. Kipi kati ya hivyo viwili ndicho kilichokuwa juu ya kichwa cha rubani wetu? Na magurudumu ya turbini za injini zote mbili yalikuwa yamewashwa mara ngapi? Mikanda ingeweza kununuliwa mipya, ni gharama ya kuvumilika. Magurudumu ya injini mbili ni habari nyingine kabisa. Yangekula sehemu kubwa ya akiba tuliyoiweka kwa ajili ya bima, mafunzo ya rubani wa pili na mafuta, ambayo kwa mashine ile ni kama lita 200 kwa kila saa ya kuruka.

Tulimwuliza muuzaji. Akasema rekodi zipo, atazitafuta. Tukarudi nyumbani. Mwezi wa Aprili bahasha ikafika, na ndani yake kurasa za miaka ile mitatu, safu zote zimejaa. Mwenyekiti alinipigia simu kwa furaha. Nilizichukua, nikaketi nazo ofisini baada ya saa za kazi, na kabla sijafika ukurasa wa tatu nilihisi masikio yanaungua, kama nilivyohisi siku moja katika shule hii mwaka 1998.

Jambo hili sijapata kulisimulia mbele ya walimu wangu. Nilipokuwa kidato cha tano nilikuwa kiranja wa stoo. Wajibu wangu ulikuwa kuandika kila siku katika daftari maharage na unga uliotoka kwenda jikoni. Ukaja msimu wa mashindano ya mpira, nami nilikuwa mshabiki kuliko nilivyokuwa kiranja, na kwa wiki tatu sikuandika kitu. Tulipoambiwa kwamba kesho yake kuna ukaguzi, niliketi na taa ya chemli nikajaza wiki zote tatu kwa jioni moja. Maharage madebe mawili. Maharage madebe mawili. Maharage madebe mawili. Nilijaza mpaka zile siku tatu za mapumziko ambapo shule nzima ilikuwa imekwenda nyumbani. Mwalimu wa zamu hakuhitaji hata miwani. Alisema, “Wino mmoja, mkono mmoja, hesabu moja. Na hizi siku tatu, maharage mliwapikia panya?” Nilipewa kisiki cha mwembe nikaking’oa kwa siku nne. Shimo lake lilikuwa pale penye mlingoti wa bendera sasa.

Kurasa zile zilikuwa za wino mmoja na mkono mmoja. Kila safari, kutua mara mbili. Siku ya dhoruba mara mbili, siku ya jua mara mbili. Yule aliyeziandika alikuwa makini kuliko mimi, hakusahau sikukuu. Tulipomwuliza, muuzaji alijibu kwamba daftari la asili lililowa maji, kwa hiyo karani alinakili upya. Na huenda ni kweli! Hilo ndilo linalonisumbua hata leo. Karani anaponakili hutumia wino mmoja. Sikuwa na ushahidi wowote ila kwamba mimi mwenyewe nilipata kuandika kurasa kama zile.

Mwenyekiti wetu hakuwa mtu mwovu, nami sipendi mtu aondoke hapa akidhani hivyo. Alikuwa na hesabu zake. Mwaka wa fedha unakwisha tarehe 30 Juni. Fedha isiyotumika inarudi Hazina, na ikirudi hujui kama itakuja tena. Aliniita ofisini kwake akaniambia, “Kijana, wewe ni mtu wa biashara. Mhandisi amesema chuma ni safi, rubani amesema inaruka. Wewe nani?” Nikajibu, “Mimi ni katibu, mheshimiwa.” Akasema, “Basi andika kilichoamuliwa na kamati.” Nilimwendea Mzee. Aliziangalia zile kurasa kwa muda mrefu, akazigeuza, akazinusa, akasema kwamba yeye amekagua chuma na chuma hakina kosa, lakini mwanawe mwenyewe asingempakia kabla vipuri vile havijabadilishwa. Nikamwomba aandike hivyo. Akaandika, mistari minne, nami nikaiambatanisha na maoni yangu ya kutokubaliana: ama muuzaji avihesabu vipuri vyote vya miaka ile kuwa vimekwisha na kupunguza bei kwa kiasi hicho, ama tusinunue.

Muuzaji alikataa. Alikuwa na mteja mwingine, na sidhani alitudanganya kwa hilo. Tarehe 30 Juni fedha zikarudi Hazina. Mwaka uliofuata fungu lile halikuletwa, wala mwaka wa pili wake.

Masika ya mwaka 2014 mto mmoja, katika wilaya ambayo pia sitaitaja, ulivunja kingo zake usiku. Mimi nilitumwa huko kununua mablanketi na vidonge vya kusafisha maji. Watu walikuwa wamepanda juu ya miembe na juu ya paa la ghala. Boti zilifika siku ya pili, helikopta ya kuazima ikafika siku ya tatu. Nilimkuta mama mmoja shuleni walikohifadhiwa, mtoto wake mchanga hakupata kuuvuka usiku wa kwanza juu ya mti. Alikuwa akinieleza mahitaji yake, sabuni, sufuria, kwa sauti ya kawaida kabisa, nami naandika. Niliporudi, mwenzangu mmoja alinisimamisha ukumbini akaniambia, “Karatasi zako, bwana, hazikumshusha mtu mtini.” Sikumjibu. Nimekwisha kutafuta jibu kwa miaka zaidi ya kumi. Wakati mwingine najiambia kwamba mashine ile ingeweza kuangukia juu ya miembe ile ile. Wakati mwingine najiambia kwamba isingeanguka.

Mwaka 2016 Mzee alinipigia simu kutoka kwao alikostaafia. Alikuwa ameona picha katika gazeti la mambo ya ndege, akasoma namba iliyopigwa muhuri kwenye mwili wa mashine, akaifananisha na namba aliyokuwa nayo katika kijitabu chake. Ilikuwa ile ile, imepakwa rangi ya manjano, inafanya kazi katika nchi nyingine. “Inaruka, mwanangu,” akasema. Nikamwuliza, “Mikanda walibadilisha? Na yale magurudumu?” Akakaa kimya kidogo, nikasikia jogoo akiwika upande wake. Akasema, “Hilo picha haionyeshi.”

Hilo ndilo jibu lako, kijana wa kidato cha tatu, na samahani kwamba si fupi kama ulivyolitaka pale kwenye foleni. Kama una swali jingine uliza, na kama ni la fizikia nitamwomba Mwalimu anisaidie.

Nimalize na jambo moja la kikazi, Ndugu Mwenyekiti. Katika ajenda ya kesho, namba sita, nimeona mapendekezo ya kununua basi la shule lililotumika, na kwamba wajumbe wawili wamekwisha kwenda kulisikiliza injini. Ndugu Mweka Hazina, naomba daftari lake la matengenezo nilione usiku huu, kabla hatujalala.